Umaskini wa Kukodi

Mtu akikwambia foleni ni mahali pa kupoteza muda, jua hajawahi kukutana na Bahasha. Kwa Bahasha foleni ilikuwa shamba, na kila asubuhi alikwenda kulikagua akiwa na shati lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni na bahasha ya kaki kwapani. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limesahaulika, na nadhani hata yeye mwenyewe angehitaji kukaa chini kidogo ili alikumbuke. Ndani ya ile bahasha mlikuwa na magazeti ya mwaka juzi, lakini hiyo ni siri yake na Mungu, nami nawaambia nyinyi tu kwa sababu najua hamna maneno.

Kazi yake ya mchana kweupe ilikuwa kuandika barua na kujaza fomu za watu, kwenye kijimeza chini ya mwavuli, nje ya geti la Ofisi ya Ruzuku ya Wanafunzi. Mwandiko alikuwa nao, hilo hatumnyimi. Herufi yake ya M ilikuwa na mkia uliojipinda hadi mstari wa chini. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuandika neno dogo palipo na nafasi ya neno kubwa. Mlinzi wa geti akija kwake, aliondoka akiwa Afisa Usalama wa Maeneo ya Kuingilia. Mama muuza maji alitoka hapo akiwa Msambazaji wa Vinywaji. Watu walilipa wakaenda zao vifua mbele, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Bahasha alichukulia hiyo kuwa ni dalili ya kuridhika.

Kazi yake nyingine ilikuwa kula wajinga, na hiyo hakuhitaji mwavuli.

Jumatatu moja karani wa ofisi alitoka akabandika tangazo ukutani. Lilisema kwamba kuanzia sasa hakuna mwanafunzi atakayepewa ruzuku mpaka nyumba ya kwao ikaguliwe. Mkaguzi atafika mwenyewe, atazame paa, atazame sufuria. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, liliongeza kwamba kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta ya gari, mkaguzi hatakwenda kwenye mtaa wowote wenye mafaili ya waombaji yasiyofika mawili.

Foleni ikaguna. Bahasha hakulitazama tangazo, alitazama nani ameguna. Maskini hawakuguna hata kidogo, maana nyumba zao zilikuwa tayari kwa ukaguzi tangu zilipojengwa. Aliyeguna alikuwa baba mmoja mnene mwenye viatu vinavyong'aa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Misumari kwa sababu ya biashara yake ya vifaa vya ujenzi. Kando yake mkewe alikuwa anavua bangili za dhahabu moja moja na kuzitumbukiza kwenye mkoba.

"Nilikwambia tulipe ada yaishe," mke alinong'ona. "Mtoto mwenyewe mmoja."

"Mke wangu, hela ya serikali ni ya nani? Si ya kodi? Na kodi nalipa mimi. Sasa wale wengine hapo mbele wamechangia nini?"

Bahasha alisogea taratibu, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye habari.

"Mzee wangu, shikamoo. Mama, shikamoo. Samahani kwa kuingilia. Fomu yenu haina tatizo. Tatizo lenu ni nyumba."

"Nyumba yangu haina tatizo lolote," alisema Mzee Misumari. "Ina ghorofa."

"Ndilo tatizo lenyewe hilo."

Wakatazamana. Bahasha aliwavuta pembeni akawaeleza kwa upole, kama daktari anayetoa majibu. Mkaguzi haji kumkagua mtu, anakuja kukagua nyumba. Atakayemkuta kwenye nyumba mbovu atamwandika maskini, na aliyeandikwa maskini ni maskini, hakuna rufaa. Kwa hiyo wanachohitaji ni umaskini wa siku moja, uliokamilika, wenye paa la kuvuja na kila kitu. Yeye anaukodisha. Nusu ya malipo sasa, nusu mkaguzi akishatia sahihi.

"Na kijana mwenyewe yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko na gari langu," alisema Mzee Misumari.

"Siku ya ukaguzi atakuwa maktaba," alisema Bahasha, akapokea nusu ya kwanza.

Sasa msidhani mtu akisema anakodisha nyumba basi anayo. Chumba alichoishi Bahasha kilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na hakuwahi kumwonyesha mtu. Alihitaji nyumba yenye sifa, na kwa habari za mtaani hakuna mahali penye habari kama duka la fotokopi, kwa sababu kila shida ya binadamu hatimaye hutakiwa nakala tatu.

Dukani alimkuta binti wa fotokopi akiipiga mashine kofi la ubavuni. Asubuhi binti huyu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mchana alikuwa hapa hadi saa kumi na mbili, na jioni alisoma kwa bibi yake, chini ya sehemu ya paa ambayo haikuvuja sana.

"Mjomba Bahasha, leo nakala ngapi?"

"Leo sitaki nakala, mwanangu. Natafuta nyumba. Iwe mbaya, lakini iwe na heshima."

Binti akacheka, halafu akaacha kucheka. "Kwa ajili ya mkaguzi wa ruzuku?"

"Wewe umejuaje?"

"Tangazo nimelitoa nakala mimi." Akaipiga mashine kofi la pili. "Nyumba ninayo. Ya bibi yangu. Mvua ikinyesha tunahama na vitabu kutoka kona hadi kona. Na mimi ruzuku yenyewe walishanikatia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nafanya kazi. Ruzuku ilichelewa miezi minne, nikatafuta kibarua ili nile. Nilipopata kibarua, wakasema nina kipato. Usipofanya kazi unaitwa mvivu, ukifanya unaitwa tajiri. Lakini kilichoniua ni fomu. Kuna mwandishi mmoja wa barua aliniandikia kwamba mimi ni Msimamizi Mkuu wa Idara ya Unakili na Uchapaji." Alisema hivyo akimtazama usoni bila kupepesa. "Wakaona mshahara wa Msimamizi Mkuu lazima uwe mkubwa. Nikakata rufaa, mwezi wa saba huu faili limelala. Ijumaa ya wiki ijayo chuo kinafunga orodha ya mtihani. Nisipolipa, mwaka wangu umekwenda na maji."

Bahasha alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Watu wengine hawana utu. Mpumbavu gani huyo?"

"Sijui," alisema binti. "Wateja alikuwa nao wengi. Nadhani hanikumbuki."

Wakaingia kwenye bei. Binti hakutaka hela mkononi. Alitaka Bahasha aende mwenyewe kwenye dirisha la keshia wa chuo, alipe pale kwa jina la binti, amletee risiti. Kiasi alichotaja kilikuwa nusu ya ada ya mtihani, na kwa bahati ambayo Bahasha hakuitilia shaka, kilikuwa karibu sawasawa na kile alichokuwa nacho mfukoni. Alikubali kwa sababu nusu ya pili ya Mzee Misumari ingekuwa yake yote. Binti akataka pia mkataba, na ndani yake iandikwe kwamba lolote watakaloongeza wapangaji kwenye nyumba, litabaki la mwenye nyumba.

"Wataongeza nini kwenye umaskini?" Bahasha alicheka.

"Andika tu, mjomba. Nikuchapie?"

"Mimi nichapiwe?" Alichomoa kalamu. "Leta karatasi." Akaandika kwa mkono wake mwenyewe, M zenye mikia, akaeleza kinaga ubaga kwamba nyumba inakodishwa kwa matumizi ya kukaguliwa, kisha akatia sahihi kama Mratibu Mkuu wa Makazi ya Muda. Binti alitoa nakala tatu.

"Limebaki jambo moja," alisema Bahasha. "Mtaani kwenu panatakiwa faili la pili, la sivyo mkaguzi haji."

"La pili niachie mimi."

Hakumuuliza lolote. Kitu cha bure hakiulizwi maswali.

Mazoezi yalianza Jumamosi. Bibi wa binti, mwanamke mfupi aliyeona vibaya lakini akisikia kila kitu, aliwapokea Mzee Misumari na mkewe mlangoni na kuwakalisha kwenye mkeka. Bahasha alianza kufundisha. Mzee asikae kifua mbele, maskini hana cha kusukuma hewa hivyo. Mama asiseme sana. Akiulizwa chochote ashushe pumzi aseme, "Tunamshukuru Mungu," basi.

"Mnalala wapi?" Bahasha alijaribu kuuliza kama mkaguzi.

"Tunamshukuru Mungu," alisema mke wa Misumari.

"Safi kabisa. Hilo haliwezi kukosolewa."

Kisha mvua ikanyesha. Tone la kwanza lilimpata Mzee Misumari utosini, na la pili palepale. Alinyanyua macho na uso wake ukabadilika.

"Bati hili alipiga nani?"

"Marehemu mume wangu," alisema bibi.

"Mungu amrehemu, lakini misumari hii ameipiga bondeni. Maji yanapita wapi kama si bondeni? Msumari wa bati unakaa mgongoni!"

"Mzee," alisema Bahasha, "hilo paa linavuja kwa manufaa yako."

Lakini kuna watu ambao hawawezi kuona kosa la kazi yao wakalala. Jumapili asubuhi Mzee Misumari alifika na mabati mapya na nyundo, akapanda juu mwenyewe, kitu ambacho alikuwa hajakifanya tangu apate tawi la pili, na watu waliopita wanasema alikuwa anapiga mluzi. Jumatatu alileta bawaba za mlango. Mkewe naye alisema hawezi kupokea mgeni kwenye dirisha tupu, hata kama mgeni ni wa serikali, hata kama dirisha si lake. Akaja na mapazia. Jumanne akaja na vikombe, kwa sababu mkaguzi atapewa chai na hawezi kupewa kwenye kopo, watu watasemaje?

"Watasema nyinyi ni maskini!" Bahasha alipiga kelele. "Ndicho tunachokitafuta!"

"Maskini si mtu asiye na adabu," alisema mama yule, akaning'iniza pazia la pili.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema bibi, akavipokea vikombe.

Jumatano Bahasha aliona biashara yake inakufa mikononi. Alichukua msumari akapanda kutoboa japo tundu moja, bibi akamchapa miguu kwa ufagio mpaka akashuka. Basi akaenda zake, akarudi na mzigo: stuli ya miguu mitatu, blanketi lenye dirisha katikati, sufuria lililofungwa waya. Akavipanga mbele kabisa, akarudi nyuma kuvitazama, akaridhika. Angalau sasa umaskini ulikuwa unaonekana.

Bibi alivipapasa kimoja kimoja. "Hivi umevitoa wapi, baba? Hata sisi hatujafika huku."

"Kwangu," alisema Bahasha.

Bibi alimmiminia chai kwenye kikombe kipya, akaongeza sukari bila kuulizwa. Bahasha aliinywa haraka akitazama ukuta, maana alijisikia vibaya na hakujua kwa nini.

Alhamisi saa tisa mkaguzi akafika kwa miguu. Gari la ofisi lilikuwa limekwama kwenye tope la barabara kuu, mafuta yote yale yaliyobanwa yakiwa ndani. Alikuwa mama mwembamba mwenye viatu vya matope na mafaili mawili, na sura ya mtu ambaye ameshadanganywa mara sita tangu asubuhi. Alikaa kwenye stuli ya miguu mitatu kama aliyezoea. Bahasha, aliyejitambulisha kama mjomba wa familia, alisimama pembeni na bahasha yake.

"Hii ndiyo nyumba yenu?"

"Tangu tufunge ndoa," alisema Mzee Misumari, ambaye alikuwa amevaa shati lililochanwa rasmi kwa shughuli hiyo.

"Watoto wangapi?"

"Tunamshukuru Mungu," alisema mkewe.

Mkaguzi aliandika. "Kazi ya baba?"

"Kibarua. Leo napata, kesho sipati."

Bahasha alihesabu moyoni: swali la chakula, swali la ada, sahihi. Mkaguzi alinyanyua macho kuelekea darini, akakaa hivyo muda mrefu. Kalamu ikasimama.

"Bati hili limepigwa vizuri," alisema taratibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uhai. "Misumari yote mgongoni. Ofisi yangu inavuja mwaka wa tatu sasa, na mafundi wanakuja wanakula hela wanaondoka. Huyu fundi mlimpata wapi?"

Bahasha aliona hatari inakuja. Alikohoa. Alimkanyaga Mzee Misumari mguu. Lakini yule mzee alikuwa amekwisha kuvimba, kifua kimerudi mbele mahali pake pa siku zote.

"Fundi gani? Nimepiga mimi! Kwa mkono wangu! Na bati lenyewe ni langu, siuzi haya makaratasi ya mtaani. Wewe njoo dukani, mwambie kijana nimekutuma mimi, atakupunguzia." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa lile shati lililochanwa, akatoa kadi yake ya biashara, akampa.

Mkaguzi aliisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma.

"Matawi matatu."

"Manne," alisema mke wa Misumari. Kisha akashusha pumzi. "Tunamshukuru Mungu."

Mkaguzi alilifunga faili la kwanza, akafungua la pili.

"Hili ni la nani?" Bahasha aliuliza.

"La nyumba hiihii. Rufaa, ina miezi saba. Nisingefika mtaa huu kwa faili moja."

"Ni la kwangu," alisema binti wa fotokopi. Alikuwa amesimama mlangoni na begi la chuo begani. Hapo ndipo Bahasha alipoelewa kwamba katika shughuli hii yote, faili la pili lilikuwa la Mzee Misumari.

Mkaguzi alisoma fomu ya zamani. "Msimamizi Mkuu wa Idara ya Unakili na Uchapaji. Idara ina wafanyakazi wangapi?"

"Mimi na mashine. Mashine ikikwama nabaki peke yangu."

"Na paa jipya? Mwenye shida haezeki."

Binti alitoa nakala ya mkataba. Mkaguzi aliusoma wote, polepole, mpaka kwenye sahihi. Halafu akauweka kando ya ile fomu ya zamani, M kando ya M, mkia kando ya mkia, na kumgeukia mjomba wa familia.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Tuna droo nzima ya mwandiko huu. Mama muuza maji aliandikwa Msambazaji, mtoto wake akanyimwa. Mlinzi wetu wa getini aliandikwa Afisa, wa kwake akanyimwa. Ishirini na tatu, ndugu yangu. Tulidhani wamekula njama."

"Mimi niliwapamba tu," alisema Bahasha. "Mtu anakuja na kazi ndogo, nampa kubwa. Walifurahi."

"Mimi pia nilifurahi," alisema binti. "Siku moja. Nilimwonyesha hadi bibi."

Bahasha alitafuta neno kubwa la kujitetea. Halikuja hata moja.

Mkaguzi hakuwa mtu wa hotuba. Alitia sahihi rufaa, akagonga muhuri akitumia goti kama meza, akaandika barua kwa chuo palepale, na binti aliipokea kwa mikono miwili akakaa chini sakafuni akalia, bila aibu, bibi akimsugua mgongo. Kisha mkaguzi akamwambia Mzee Misumari achague: aliondoe ombi lake au wakaonane kwa mwanasheria wa ofisi. Mzee aliliondoa. Mkaguzi akatoka. Ile kadi ya biashara aliondoka nayo.

"Mabati yangu!" Mzee Misumari alikumbuka. "Nayang'oa sasa hivi!"

Bibi alikuwa ameshafika mlangoni. "Jirani!" aliita kwa sauti iliyovuka mtaa. "Majirani, njooni mumwone mwanangu aliyeniezekea nyumba kwa mkono wake! Mwenye duka! Hakutaka hata senti!"

Wakaja. Walimpa mkono mmoja mmoja, akina mama wakamwombea dua, na mzee mmoja akamuuliza kama anakopesha saruji. Mzee Misumari alirudi ndani macho yamemlowa, amevimba kwa sifa na hasira kwa pamoja, na habari ya kung'oa bati ikaishia hapo. Lakini nusu ya malipo hakuisahau. Bahasha alimwonyesha nakala ya risiti ya keshia wa chuo: hela ilikwisha kwenda huko. Polisi? "Twende tukaseme tumeibiwa tukiwa tunafanya nini?" aliuliza mkewe, akivaa bangili zake moja moja. Basi ikaamuliwa kwamba Bahasha atabeba saruji dukani, nusu siku, mpaka deni liishe.

Wiki iliyofuata, Bahasha aliingia duka la fotokopi akiwa na vumbi la kijivu hadi kwenye nyusi. Mzee Misumari alitaka makubaliano ya kazi yaliyochapwa. Binti alikuwa ametoka kufanya mtihani wa kwanza. Alivuta kiti, akaweka vidole tayari.

"Jina?"

Bahasha alikaa chini kidogo, akalikumbuka, akalitaja.

"Kazi?"

"Andika Meneja wa Usafirishaji wa Saruji."

"Unasafirisha kwa chombo gani?"

"Kwa bega."

Binti akachapa: kibarua, nusu siku. Bahasha alilitazama lile neno kwenye karatasi. Lilikuwa dogo kweli.

"Weka hata 'Afisa' pale mbele, mwanangu."

"Ukiwa afisa hutapewa msaada, mjomba. Lipo tangazo jipya la vibarua wanaotaka kusomea ufundi jioni. Serikali inalipa. Ila mkaguzi atakuja kwako kuona nyumba."

Bahasha alifikiria chumba chake nyuma ya karakana. Stuli haikuwepo, ilibaki kwa bibi. Blanketi nalo, na lile sufuria. Sakafu na kuta nne, na hata taa hakuna. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na sifa zote na hakuhitaji kuongeza kitu.

"Na mtaani kwetu hakuna mwombaji mwingine," alisema polepole. "Wanataka mafaili mawili."

"Kuna mlinzi wa geti la ruzuku. Anasema anakaa mlango wa tatu kutoka kwako. Anakata rufaa ya mwanawe."

Bahasha akachomoa kalamu zake mbili mfukoni, akazitazama, akaziweka juu ya mashine.

"Utanijazia wewe?"

"Nitakujazia," alisema binti, akazitupia kwenye droo. "Na ya mlinzi pia. Wewe utakaa hapo, utamwambia mwenyewe kwa nini mwanawe alinyimwa."

Nje mlinzi alikuwa anavuka barabara kuja, fomu mkononi.